Baharia wa Tatu na Kidole Kimoja

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono leo, historia hii imeandikwa na mke wa marehemu, na inasomwa na kaka mkubwa wa marehemu, kwa kuwa mke mwenyewe alijaribu kuisoma jana mbele ya kioo, sauti ikamkatikia kwenye tarehe ya kuzaliwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa kitinda mimba wa baba fundi saa na mama mshona mapazia, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kufungua vitu ili aone ndani kuna nini, ikiwemo saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, ambayo baba yake aliirudisha ikitembea vizuri huku akiomba radhi kwa skrubu moja iliyopotea.

Alianza shule ya msingi Januari 1981 na sekondari Januari 1988, na miaka hiyo ndiyo iliyompa mapenzi mawili ya maisha yake, hadithi za safari za anga alizoazima maktaba hadi majalada yakaachia, na mashine ya michezo ya video iliyokuwa dukani kwa fundi redio, ambako kila mchezaji alipewa roho tatu, zikiisha anampisha mwenzake. Tuseme ukweli, hakuwa hodari, alikufa ovyo kuliko wote, lakini hata roho zake zilipokwisha aliinua kidole kimoja na kusema, "Bado ninayo moja," wenzake wakacheka na kumwachia zamu nyingine.

Tarehe 3 Mei 1999, baada ya kupata stashahada ya ufundi wa kompyuta, aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kwenye chumba cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha, akakitumikia kwa karibu miaka ishirini na sita, na kila Jumamosi asubuhi alikagua diski moja baada ya nyingine, akiondoa mafaili yaliyojirudia na kutengeneza nakala za akiba. Wafanyakazi wenzake hawatasahau alivyowatania waliohifadhi kazi kwa majina ya "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa kweli", akiwauliza kama wanachapa kitabu au wanaagana na mchumba.

Ni katika chumba hicho, Februari 2000, msahihishaji mmoja wa kiwandani aliingia akilia, akiwa amefuta kwa bahati mbaya kazi ya wiki tatu, naye marehemu akamvutia kiti, akamwambia asiguse kitu, akamweleza, "Dada, ulichofuta ni jina tu kwenye orodha, kazi yenyewe ipo palepale, itapotea tukiandika kitu kingine juu yake." Ilipofika jioni kurasa zote zilikuwa zimerudi, msahihishaji akarudi kesho yake na kompyuta isiyo na ubovu wowote, na tarehe 22 Septemba 2001 wakafunga ndoa, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 2004, aliyejua kumshinda baba yake kwenye ile mashine ya zamani, aliyokuja kuinunua kwa fundi redio, kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mwaka 2006 marehemu na wenzake walianzisha chama cha wapenzi wa hadithi za anga, watu wazima wenye kazi zao na heshima zao, ambao kila Jumamosi ya pili ya Machi walivaa masufuria kichwani na kuigiza mchezo wao. Wapo waliogombea unahodha hadi wakanuniana, lakini yeye alijichagulia kuwa Baharia wa Tatu, yule anayeshuka chomboni wa kwanza na kufa mapema ili wengine wajue sayari ni ya hatari, na kwa miaka kumi na minane alikufa mara kumi na nane, akamezwa na zulia, akanyongwa na pazia, akauawa na ndoo ya taka, na kila mara, ukumbi ukishacheka ukachoka, aliinua kidole kimoja.

Kuhusu ugonjwa, mkewe anaomba aseme bila kuficha kwamba amemkasirikia, kwa sababu tangu Oktoba 2021 daktari alimwambia moyo wake unahitaji kuangaliwa kila mwezi, naye aliyekagua diski za watu kila wiki akawa anaahirisha kliniki yake mwenyewe.

Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa kumi na dakika ishirini jioni, ukumbini, marehemu alianguka katika onyesho la kwanza, wakati kifo chake kilipangwa katika la tatu, na mwalimu wa hesabu aliyevaa majani ya mmea muuaji akachungulia kutoka nyuma ya pazia akasema, "Jamani, leo amekufa kabla sijamuua!" Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi, mkewe akiwa mstari wa mbele akicheka kuliko wote, akingoja kidole, na zilipita kama dakika tatu kabla muuguzi mmoja hajainuka kitini na kukimbilia jukwaani. Alifikishwa hospitali, na saa kumi na moja na dakika tano tukaambiwa ameaga dunia. Daktari ameeleza mara mbili kwamba dakika zile zisingemwokoa, mkewe amesikia, ila moyo wake haujakubali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi, na uongozi na wafanyakazi wa kiwanda. Wanachama wa chama, ambao tangu siku ile hamjafika nyumbani, na sasa mmesimama kule nyuma mkiinamisha vichwa, mkewe anawaomba msogee mbele mkae naye, kwa sababu na yeye alicheka, na sauti ya mwisho aliyoisikia mumewe ilikuwa ya watu wanaompenda wakimfurahia. Jina lake limeondolewa kwenye orodha, lakini mwenyewe yumo ndani mwetu palepale alipokuwa, basi tafadhali, msiandike kitu juu yake.

Pumzika kwa amani, Baharia wa Tatu, na umsamehe mkeo, hadi sasa bado anangoja kidole chako.