Wembe Atafuta Maana ya Kusimanga

Asubuhi hiyo Wembe kinyozi hakufungua kibanda. Alipitiliza mpaka kwenye benchi la kijiweni, lililobanwa kati ya kibanda chake na cherehani ya Redio, akaketi bila kusalimia mtu. Redio, fundi nguo ambaye hajawahi kuzimwa, alikuwa keshamaliza mpira na kuingia kwenye ndoa za watu. Pembeni yake Mzee Kamusi, karani mstaafu wa mahakama, alipuliza kahawa kwa madaha ya mtu anayeamini kila neno la Kiswahili lilipita mezani kwake kugongwa muhuri. Wembe akatoa kikaratasi mfukoni. Kaka yake mkubwa, aliyeishi naye tangu mashine ya mbao imkate vidole, alikuwa ameondoka alfajiri na kuacha maneno matatu: "Nimechoka kusimangwa, ndugu."

— Hebu niambieni, kusimanga ndiyo nini? Maana sijampiga, sijamtukana, sijamnyima chakula.

— Ni kumsimamia mtu, Redio akadakia. Simama, simamia, simanga. Ulikuwa unamsimamia akila?

— Nilikuwa nimekaa.

— Basi ulimkalia. Mbaya zaidi!

Mzee Kamusi akakohoa kidogo.

— Achana na huyu. Asili yake ni simanzi. Zamani tulisema kusimanzinga, ile "zi" ikaanguka.

— Ikaanguka wapi, mzee? Redio akauliza.

— Njiani. Lugha inasafiri. Na usinikatize, mbao za benchi hili nani aliyeziomba?

— Wewe, mzee. Kila siku wewe. Hata makalio yangu yanakujua kwa jina.

Wembe hakucheka. Kikaratasi kilikuwa kimeanza kulowa jasho mkononi.

— Kwani ulimwambia nini hasa? Mzee Kamusi akamuuliza.

— Mambo ya kawaida. Jana nimemwambia, "Kula, kaka, usione haya. Nyumba yangu, sahani yangu, jisikie kwako."

— Ukarimu huo! Redio akapiga paja.

— Mbele ya wateja nikamsifia shati. Nikasema linampendeza kwa sababu nilichagua mwenyewe.

— Hayo ni mapenzi!

— Na akikohoa, namuuliza kama ile dawa niliyomnunulia imesaidia au nilitupa pesa bure.



— Hiyo ya dawa, Mzee Kamusi akasema taratibu, tuiite kukumbusha. Kisheria, kusimanga kunaanzia mara tatu kwa siku.

Wembe akaanza kuhesabu kimoyomoyo, akikunja kidole kimoja kimoja. Mkono wa kwanza ukaisha. Akauficha chini ya paja.

— Masikio yake ndiyo mabovu, Redio akazidi kupandisha sauti. Kuna watu masikio yao yana kona. Neno linaingia jema, likikata kona linapinduka. Huyo apelekwe hospitali!

Mama mmoja aliyekuja kubadilishiwa zipu ya gauni alikuwa amesimama muda wote, mkoba kwapani.

— Samahani jamani. Huyo kaka mmempigia simu?

— Simu ameiacha mezani, Wembe akajibu. Koti ameliacha kitandani, kalikunja vizuri. Na viatu viko mlangoni, kavipiga rangi.

— Vyote ulimpa wewe?

— Vyote.

— Sasa ameondoka kavaa nini miguuni?

Mzee Kamusi akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Wembe akaitazama barabara, na kokoto zake, mpaka inapokata kona. Akainuka.

— Mpelekee viatu, bwana! Redio akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

Wembe alikuwa keshapiga hatua mbili. Akasimama, akawageukia.

— Nikishampa, nimwambie nini?