Upatissa Galappatti na Bei ya Hisa Mia Moja

Waheshimiwa watawa, wazee wetu wa Rattota, majirani na nyote mliopanda mlima huu katika mvua, mimi ni Gunapala, shemeji wa marehemu, na familia imenichagua niwasomee historia hii kwa sababu yote yaliyomo nimeyaona kwa macho yangu, hata siku aliyozaliwa, ambapo nilikuwa na miaka mitano lakini akili zangu zilikuwa za mtu mzima.

Ndugu yetu Upatissa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1979 hapa Rattota, wilaya ya Matale, mtoto wa pili wa marehemu mzee Galappatti, mchuma karafuu, na mama Leelawathie, ambaye tunaye hapa mbele. Alianza shule ya kijiji Januari 1985, akaendelea na sekondari Matale mjini hadi 1998, shule ambayo nami nilisoma, ila mimi niliondoka darasa la nane, walimu walipoishiwa na la kunifundisha.

Baada ya kusomea uhasibu alipata kazi, tarehe 3 Mei 2004, katika kampuni moja ya kukopesha magari mjini Colombo, ambayo sitaitaja kwa kuwa baadhi ya watu wake wamekuja kuzika nasi, na mimi nilikuwa dereva wa Mwenyekiti wa kampuni hiyo, kwa hiyo yaliyosemwa ndani ya gari niliyasikia na yaliyosemwa ofisini niliyasikia pia. Kazi ya marehemu ilikuwa kupima thamani ya hisa ambazo kampuni ilizishika katika kampuni nyingine, nazo, kwa mujibu wa kanuni alizonifundisha mwenyewe tukinywa chai, haziandikwi kwa bei mliyonunulia wala kwa bei mnayoitamani, bali kwa bei ambayo mtu baki, asiyelazimishwa na asiye na undugu nanyi, angewalipa siku ile ya kufunga hesabu.

Mwaka 2012 nilimleta nyumbani kula wali, akamwona dada yangu Sewwandi, wakapendana, na baba yetu, mfanyabiashara wa pilipili manga, akakubali posa kwa sharti moja: "Kijana, siku utakayokosa kazi, na mke umemkosa." Harusi ikapangiwa saa njema, aliyoisoma mnajimu, ya tarehe 14 Juni 2013.

Sasa, wapendwa, kampuni ilikuwa na hisa milioni mbili za hoteli moja ya pwani, hisa ambazo miezi yote ile ziliuzwa kwa shida rupia ishirini na nne, lakini alasiri ya Alhamisi tarehe 28 Machi 2013, siku ya mwisho ya soko kabla ya kufunga hesabu, mkwe wa Mwenyekiti alinunua hisa mia moja tu kwa rupia sitini kila moja, na Jumatatu yake marehemu akaambiwa aandike zote milioni mbili kwa sitini, faida ionekane, wazee waliotuwekea akiba zao watulie, na sisi wafanyakazi tupate bonasi. Alikataa. Ofisi nzima ikamgeuka, mhasibu mwenzake akamwambia, "We Upatissa, sitini si imeandikwa sokoni? Unajitia mtawa, basi kanyoe kichwa!" na mimi mwenyewe nilimwambia, "Shemeji, harusi ni Juni, andika, ule ubwabwa."

Ikafika siku ya kwanza ya kazi baada ya Mwaka Mpya wetu wa Aprili, saa njema ya kupeana, tukapanga mstari kama desturi yetu, kila mmoja amwinamie mkubwa wake na kumpa tambuu, naye amrudishie fedha ya baraka, na zamu ya marehemu ilipofika alitoa jani moja tu, mkono wake umetulia kama jiwe, Mwenyekiti akampa noti ya elfu. Marehemu akasema, "Ahsante, mheshimiwa, basi leo niandike kwamba tambuu ni elfu moja kwa jani?" Mwenyekiti akasema, "Umeingiwa na nini asubuhi hii? Hiyo ni baraka, sokoni hakuna mjinga wa kununua hivyo." Marehemu akasema, "Na zile mia za mkweo, mheshimiwa, zilikuwa za soko au za baraka?"

Mwenyekiti alilitazama lile jani, akasema, "Andika ishirini na nne, halafu katafute kazi kwingine," na ndivyo bonasi yetu ilivyokwenda, na kazi yake ikaenda nayo.

Baba alipopata habari alitangaza kwamba harusi imekufa, na dada yangu, akiwa anachambua dengu, hakuinua hata uso: "Baba, mimi sikuposwa na kampuni." Walifunga ndoa tarehe na saa ile ile, wakahamia Kandy, ambako marehemu alifanya kazi katika ofisi ndogo ya wakaguzi wa hesabu hadi alipougua, wakajaliwa watoto wawili, Hiruni, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 2014, na Yasiru, tarehe 20 Mei 2017. Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akatibiwa Kandy, na akatutoka alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 2025, dada yangu akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia siku zote hizi, na wenzake wa kazi, wa Kandy na hata wale wa Colombo, ambao baadhi yao hawajaisahau ile bonasi na bado wamekuja.

Katika niliyoyasoma, moja nimelitunga mimi. Mkono wake haukutulia. Ulitetemeka mpaka jani likaanguka sakafuni, nikaliokota mimi nikamrudishia, naye alikuwa amelowa jasho, aliijua tarehe ya harusi yake, na bado akauliza. Pumzika, shemeji, umefika.