Kizibao cha Harusi cha Isaac Lardant

Ndugu na majirani mlioacha mitambo yenu ya kufumia asubuhi hii, familia inawashukuru. Imemtuma mpwa wa marehemu asome maisha ya Isaac Lardant, mshonaji wa vizibao, aliyeomba jambo moja tu kabla hajafa: azikwe na kizibao chake cha harusi. Kizibao hicho ni cha hariri, na sheria inataka kila maiti azikwe kwa sufu tupu na jamaa zake waape hivyo, ili wenye kondoo wapate soko hata makaburini. Jeneza limefungwa, na baadhi yenu mnalitazama kwa kujiuliza. Vuteni subira, mtaambiwa.

Isaac alizaliwa tarehe 9 Machi 1699 hapa hapa mtaani kwetu Spitalfields, kwa wazazi waliokimbia Ufaransa na imani yao na mkasi mmoja. Alisoma katika shule ya kanisa letu. Kusoma alijua, mwandiko wake ulipendeza, ila hesabu ilimshinda hadi mwisho, na wateja wake hawakulalamika hata siku moja.

Alijifunza kazi kwa mjomba wake, akafungua duka lake mwaka 1722. Waungwana aliwashonea vizibao virefu, mbele hariri na nakshi, mgongoni kitani cha bei rahisi, maana muungwana havui koti mbele za watu. Wenye miguu myembamba aliwatengenezea vijazio vya sufu vya kuweka ndani ya soksi, ili shavu la mguu lionekane limenona. Baadhi yenu mpo hapa, na mmesimama vizuri sana. Amekwenda na siri zenu, mshukuruni.

Juni 1725, siku ya joto kali, alikwenda kumposa Judith Renouard, mtarizi. Baba yake Judith, mzee Mathieu, alimwona anavyotota jasho mezani.

"Vua koti, kijana."

"Nimezoea, mzee."

"Umezoea nini, na jasho linadondokea supu yangu?"

Isaac akavua. Mgongo wa kizibao chake haukuwa hata wa kitani kipya. Ulikuwa shuka kuukuu, kiraka juu ya kiraka. Mzee akacheka mpaka akashika meza. "Mbele bwana mkubwa, nyuma kitanda cha mgonjwa!" Isaac, uso umemwiva kwa aibu, akainuka kutafuta kofia yake.

"Kaa umalize supu," Judith akasema. "Huo mgongo niachie mimi."

Walifunga ndoa tarehe 4 Mei 1726. Kizibao alichovaa bwana harusi, Judith alikitarizi mbele na nyuma, maua yale yale. Washonaji wenzake Isaac walimwambia ni wazimu kupoteza hariri mahali pasipoonekana. "Mimi najua ipo," aliwajibu, akafunga vifungo vya koti. Walijaliwa binti mmoja, Ester, na nyumba yao haikuishiwa vicheko.

Mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba, kisha pumzi ikawa shida. Judith alimuuguza bila kuchoka, na nyinyi mlileta mchuzi na kuni; hatutasahau. Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Februari 1764, akiwa ameshikwa mkono.

Usiku ule ule Ester alisema, "Mama, mvike kizibao chake, halafu tuape kuwa ni sufu. Mbona kila mtu anaapa?"

"Baba yako hakumwambia mteja hata mmoja kuwa hiki ni sufu na kumbe si sufu. Leo hawezi kujitetea, ndiyo nimfanye mwongo?"

Sasa, asiyezika kwa sufu hutozwa faini, nusu ya maskini wa parokia, nusu ya aliyemshtaki. Juzi Jumamosi Judith alivaa nguo zake nyeusi akaenda kwa hakimu.

"Nimekuja kushtaki maziko ya hariri."

"Kazikwa nani?"

"Bado. Jumatatu. Mume wangu."

"Na mshtaki ni nani?"

"Ndiye mimi."

Hakimu akavua nywele zake za bandia, akajikuna kichwa. "Mama, mwenzio angenyamaza tu. Nani angefungua jeneza?"

"Hakuna. Lakini angezikwa kama mtu aliyeiba, na kile ni chake."

Hakimu aliandika shtaka na faini. Nusu ya mshtaki Judith ameikataa, yote iende kwa maskini wetu. Kwa hiyo msinong'one, majirani. Ni hariri, mbele na nyuma, na vifungo vyote Judith amevifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Marehemu ameacha mke, Judith, binti, Ester, na mumewe, wajukuu watatu, dada yake Suzanne, na mpwa huyu aliyepewa heshima ya kusoma.

Bwana ampokee vile vile alivyovaa.