Nukta ya Inzi

Wanangu, baba yenu ananirekodi kwenye simu, nisikilizeni mpaka mwisho. Wameshanichoma sindano ya usingizi, punde wananipasua moyo, na naogopa, sitawaficha, naogopa mpaka meno yanagongana. Cherehani ni ya mkubwa, mdogo achukue saa yangu, msigombane. Lakini hayo siyo yanayonikaba. Kinachonikaba ni mjomba wangu, babu yenu yule fundi wa kujalidi vitabu.

Ndiye aliyenifundisha Kiaramu, pale kwenye meza yake iliyoganda gundi, herufi moja moja, kwenye kitabu chake kikuukuu cha zaburi. Miezi sita tu, nikajiona nimefika! Debe tupu haliachi kuvuma. Herufi mbili za maandishi yale ni kama pacha: nukta ikikaa juu ni r, ikikaa chini ni d. Kuna neno, likiwa na d ni “aliifanya”, likiwa na r ni “aliipita”. Basi siku tunamzika mkewe, mjomba akafungua kitabu kile, akatusomea kwamba hata siku hii Bwana ndiye aliyeifanya, na mimi, mbele ya waombolezaji, nikachungulia begani kwake.

“Mjomba, umekosea. Nukta iko juu. Bwana aliipita.”

“Aliipita?”

“Ndivyo ilivyoandikwa. Waliotafsiri walituficha.”

“Basi mwanangu, leo umenisomea kweli,” akasema, akafunga kitabu, akanikabidhi. Tangu hapo hasomi, hasali, kanisani haji. Mwaka wa pili huu.

Juzi napanga nguo za hospitali, nikakifungua kitabu kile dirishani, nikaikwaruza ile nukta kwa ukucha. Ikabanduka! Kinyesi cha inzi, wanangu. Nukta yenyewe iko chini, imefifia, ila ipo. Na hata Kiaramu kile nacho ni tafsiri, zaburi zilitungwa kwa Kiebrania, mjomba aliniambia siku ya kwanza kabisa, likaingia sikio hili likatokea lile. Nikawasingizia watu waliozeekea kwenye kazi ya kutafsiri, kwa uchafu wa mdudu.

Nimempigia, hapokei. Kwa hiyo nendeni ninyi, leo leo, nikitoka nisitoke. Na wewe, baba yao, usianze na habari zangu, nakuomba, anza na nukta. Mwonyesheni ukurasa, mwambieni mama amesema, “Nilikosea mimi, hukukosea wewe,” na mpigieni magoti kwa niaba yangu, maana mimi… ulimi unakuwa mzito.

Mungu awape akili, na akiwapa, awape na neno “sijui” mdomoni. Muwe… mkubwa, umfunge mwenzio vifungo vizuri. Babu akikubali, kaeni naye, mumwambie asome. Asome kwa sauti. Na akikosea… mwacheni… amalize kwanza.