Mguu wa Karambu

Kijiwe chenyewe kiko mtaa wa Bulla Pesa, nyuma ya duka la simiti, pale Sadia anapowasha jiko lake la kahawa kila alasiri. Benchi ni ubao mmoja juu ya matofali, na kila mtu ana mahali pake. Kuna mzee Kaimenyi, anayeitwa Wakili kwa sababu hakuna mtu mtaani aliyeshtakiwa mara nyingi kama yeye. Kuna Diba Redio, ambaye habari hazimpiti hata akiwa amelala. Kuna Lokol, askari wa geti la stoo ya mahindi. Na kuna Kotile, dereva wa foklifti ya stoo hiyo hiyo, ile mashine ya kuinua mizigo kwa vyuma viwili vya mbele. Leo Kotile alifika amekunja uso, akaketi bila salamu, na kahawa aliyowekewa ikapoa bila kuguswa.

Sababu waliijua wote. Jana asubuhi, ndani ya stoo, foklifti ya Kotile ilimkanyaga mguu Karambu, mama wa chai, akiwa amebeba vikombe vya wapakiaji. Mzigo ulikuwa umerundikwa hadi juu, Kotile hakumwona kabisa, alisikia tu vikombe vikivunjika. Karambu amelazwa, na madaktari bado hawajasema kama mguu utapona. Leo meneja amebandika karatasi getini: asiye na ruhusa haingii. Kisha akawakusanya wafanyakazi, akawaambia kwamba yule mama alijipenyeza mwenyewe, na yeyote atakayeulizwa aseme hivyo hivyo.

— Kujipenyeza, Kotile akasema. Mtu ako na sinia ya chai, anaitwa kwa jina kila siku. Huyo anajipenyeza wapi?

Kaimenyi akakohoa, ishara kwamba mahakama imeanza. Akaeleza kwamba kisheria binadamu ni wa aina mbili, wenye ruhusa na wasio nayo, na mama wa chai ni wa aina ya pili. Kwa hiyo ule mguu uliingia pale kinyume cha sheria, na akipatikana wakili mkali, foklifti yenyewe inaweza kumshtaki Karambu kwa kuizuia kazini.

— Mguu tu ndiyo haukuwa na ruhusa, ama na chai pia? Kotile akamuuliza. Kwa sababu chai walikunywa.

Lokol naye alijitetea kabla hajaguswa. Alisema yeye hulinda mahindi, hakuajiriwa kulinda watu.

— Mimi naangalia mtu anatoka na nini. Kuingia ni kuingia tu.

Na kweli wanaingia. Akina mama wa kuokota mahindi yaliyomwagika, madereva wa malori wanaotafuta choo, vijana wanaotafuta kibarua, hata mbuzi wa jirani. Wote hupita mlango mmoja na foklifti, na wote hudhani dereva anawaona.

Diba akasogea katikati ya ubao. Alikuwa na habari kamili: meneja anafuga kuku kule Burat, anayataka yale mahindi ya sakafuni, ndiyo maana ameiachia foklifti iwatishe akina mama. Tena honi ya foklifti iling'olewa, sasa inalia kwenye gari la shemeji yake. Kotile akamwambia honi ipo, ila jenereta ya stoo inapiga kelele hata ukimwita mtu sikioni hasikii. Hapo Lokol akapendekeza foklifti ivalishwe kengele ya mti kama ngamia wa Korbesa, maana ngamia akipita na kengele yake hata kipofu anajua kusogea. Kaimenyi akasema hiyo kengele itahitaji leseni ya mifugo. Wakacheka, na Sadia akacheka pia.

— Mnacheka, Kotile akasema. Mimi ndiyo nilishuka nikamtoa pale chini.

Kaimenyi, kwa sauti ya chini sasa, akauliza kama si kweli kwamba stoo ile ilichorwa njia ya watu, kando ya ukuta, kwa rangi ya manjano, ikawekewa na mnyororo wa kuwatenga na foklifti. Mwenyewe aliwahi kuiona.

— Ilichorwa wakaguzi wakikuja, Kotile akajibu. Wakaguzi wakaenda, mahindi ya msaada ikakuja, mahali ikakosa. Meneja akasema panga hapo juu ya manjano, ni ya siku mbili tu. Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani.

— Na nani alipanga?

— Mimi. Nilimwambia watu watatembea katikati. Akaniambia mimi ni dereva, si mkaguzi.

Kotile alimchukia meneja, akajichukia na yeye mwenyewe, na akawachukia hawa wenzake wenye jibu la kila kitu. Wakati huo ndipo Ntinyari, mdogo wake Karambu, alipotokea upande wa barabara akitoka hospitalini. Aliwasalimia, wakampa nafasi aketi, akakataa. Walipomuuliza hali, alisema vidole viwili vimekatwa, mguu bado wanaungoja.

— Nisamehe, dada, Kotile akasema.

— Hiyo utaongea na Karambu. Mimi nimeletwa na ingine. Meneja amenipigia simu. Anasema wapakiaji hawawezi kukaa bila chai, kesho saa nne nichukue mahali pa dada yangu.

— Na ile karatasi? Kaimenyi akauliza.

— Nilimwuliza. Anasema hiyo ni ya watu wengine.

Akawatazama mmoja baada ya mwingine, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia ya kwenda sokoni.

— Sasa nyinyi ndiyo mnajua huko ndani. Kesho nikiingia na sinia, nipite wapi?

Kaimenyi akamwomba Sadia kahawa nyingine. Diba hakuwa na habari. Lokol akageuka kana kwamba ameitwa. Kotile aliipitia stoo yote kichwani, kuanzia mlangoni, safu kwa safu ya magunia aliyoyapanga yeye, akitafuta nafasi ya upana wa mwanamke mmoja na sinia yake. Alipofika ukuta wa mwisho akarudi akaanza tena. Ntinyari alikuwa bado amesimama, anangoja.