Trekta Lililotaka Nafasi ya Minazi Tisa

Wazee wetu, shikamooni. Na nyinyi mliobaki, pamoja na mliosimama kwa kukosa viti, hamjambo? Mwenyekiti aniwie radhi, najua nimeinua mkono tukiwa karibu kupiga kura. Naona ile picha ya trekta jekundu imeshazunguka benchi zote, na kila anayeishika anatabasamu. Hata mie ilipofika kwangu nilitabasamu, kisha nikaigeuza kifudifudi. Ndugu zangu, kabla kikundi hakijaamua kulinunua, niacheni niseme jambo ambalo baadhi yenu mwalijua nusu. Nusu ya pili nimeificha kwa aibu.

Majina sitataja. Anayejua ajue, na anyamaze.

Mie nilikuwa dereva wa hoteli kule Kikambala, miaka kumi na tisa, naendesha basi la wageni. Hoteli ilipofungwa tulipewa chetu tukaambiwa kwaheri, nikarudi huku kwetu nyuma ya Malindi kwenye ekari nne alizoacha baba. Ekari nne, na ndani yake minazi, mikorosho na miembe miwili. Pale peupe katikati tulikuwa tukilima mahindi, kunde na pojo kwa jembe la mkono. Nikasema, mtu niliyeendesha basi miaka yote hiyo siwezi kuinama na jembe. Nitanunua trekta.

Chekeni, mna haki. Nilikwenda Mombasa kwenye uwanja wa mitambo iliyotumika, nikakuta matrekta yamepangwa. Kulikuwa na moja dogo pembeni, limekaa kinyonge, nikalipita bila kulisalimu. Na kulikuwa na moja kubwa, magurudumu ya nyuma yananifika kidevuni. Muuzaji hakuniuliza shamba langu ni kiasi gani, lina miti au halina, udongo ni mchanga au matope. Aliniuliza, "Mzee, wataka nguvu au wataka mchezo?" Nikasema nataka nguvu. Pesa yangu yote ya hoteli ikaishia pale.

Lilipofika kijijini vigelegele vilipigwa. Wengine wenu mlipiga, nawaona hapo. Siku mbili nilikuwa mfalme. Siku ya tatu nikalitia shambani, likashindwa kugeuka.

Nieleweni vizuri. Kulima lilikuwa likilima. Lakini likifika mwisho wa shamba sharti ligeuke lirudi, na huko mwisho kuna minazi. Nikipinda, pua yagonga mnazi. Nikirudi nyuma, plau lagonga mnazi mwingine. Nalivuta mbele, nalirudisha nyuma, jasho lanitoka, moshi watoka. Mke wangu alikuwa upande wa pili na jembe lake. Akapaza sauti, "Mwenzio nishamaliza mistari miwili!" Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniharibu.

Sasa, ile minazi ya mwisho wa shamba haikuwa yangu. Hapa ndipo uso unapoanza kuniwaka. Nyinyi ni watu wa pwani, mwajua kwamba ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule. Minazi kumi na mitatu ya upande ule mama alimpa dada yangu mkubwa, mbele ya watu, siku aliporudi nyumbani akiwa mjane na mabinti wawili. Dada aliishi kwa minazi ile. Aliuza nazi kila Jumatatu, alishona makuti, na miwili alimkodisha mgema.

Dada akaenda matangani Kilifi, siku saba. Siku ya tatu nikamwita mtu mwenye msumeno wa mashine. Mke wangu alinishika mkono akasema, "Mngoje mwenyewe arudi." Nikamjibu, "Kwani ardhi ni ya nani?" Minazi tisa ililala chini kabla ya adhuhuri. Nasikitika kuwaambia kwamba nilifurahi. Kila mmoja ulipoanguka niliona mwanga unaingia, nikasema, sasa tutageuka.

Dada alirudi na kanga yake ya msibani bado kiunoni. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumjibu akipiga kelele. Hakupiga. Alikwenda kisiki kwa kisiki, anakigusa kwa kiganja. "Huu ulinilipia karo ya mkubwa. Huu ulinipa mabati. Huu ulinilisha nilipovunjika mguu." Alipofika cha tisa akanigeukia. "Sasa niambie, ndugu yangu, trekta lako litanipa nini Jumatatu?" Wiki ile akahamia chumba cha kupanga mjini, akawa anafulia watu nguo. Umri ule, mgongo ule!

Trekta likageuka, naam. Mngedhani shida imekwisha. Udongo wetu ni mchanga, rutuba iko juu juu tu, kina cha kiganja. Plau lile la sahani tatu lilichimba kwa pupa, likaleta mchanga mweupe juu na rutuba likaizika. Palipopita magurudumu pakashindiliwa pakawa kama sakafu. Mahindi yaliota ya manjano, yakafika magotini, yakasimama hapo. Na mizizi ya mikorosho, ambayo hutambaa karibu na juu, nikaikatakata bila kujua. Mkorosho mkubwa wa baba ukaanza kukauka kutoka kileleni.

Nikasema basi, nitalima mashamba ya majirani, trekta litajilisha. Mashamba gani? Huyu ana ekari mbili na minazi yake, yule ana tatu na miembe yake. Nani akate miti yake ili mie nigeuze langu? Masika yalipoingia nikalipeleka bondeni kwa ukaidi, likazama hadi ekseli. Lilikaa kule hadi kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Najua mwalikumbuka hilo, maana mlinitania nalo sokoni.

Nyumbani hapakuwa na mahindi, hapakuwa na kunde, na mie nilikuwa nimeacha kuzungumza. Mke wangu alifunga nguo zake. Akasema, "Njaa naiweza. Siwezi kuishi na mtu asiyeongea." Akaenda kwao. Nilikaa peke yangu siku nyingi, sioshi uso, natazama visiki tisa kupitia mlangoni. Ndugu zangu, nilitamani kufa. Nasema wazi kwa sababu humu ndani huenda yumo mwenzangu anayetamani hivyo leo, na amevaa shati safi, na anacheka pamoja nasi.

Ilikuwa Alhamisi, alasiri. Nilichukua kamba ya katani tuliyokuwa tukifungia mizigo, nikatoka nayo hadi kwenye mkorosho wa baba. Hapo sitaendelea, mmeelewa.

Nilikuwa nimesahau kwamba Alhamisi ndiyo siku ya dada. Kila Alhamisi alikuja kuokota makuti ya minazi yake minne iliyobaki, akapita bila kunisalimu. Siku ile aliniona. Akaweka makuti chini. Akanitazama, akaitazama kamba.

"Nipe hiyo," akasema.

Nikampa. Nilidhani atalia, au ataniombea. Alinipa ncha moja. "Shika hapa. Usiachie." Akarudi nyuma hadi kamba ikanyooka, akaanza kunitembeza shambani kama mtoto. Tukapima kutoka mnazi hadi mnazi, katika ile minne. Tukapima lango. Tukateremka bondeni tukapima trekta lenyewe, upana na urefu pamoja na plau, dada amepandisha kanga, matope hadi magotini. Kila kipimo akakitia fundo. Mwisho akayaweka mafundo mawili mbele ya macho yangu, la nafasi ya minazi na la trekta, ili nione lipi limelizidi lingine na kwa kiasi gani.

"Hotelini ulikuwa ukiingiza basi langoni kila siku," akasema. "Hukulipima lango kwa macho?"

"Nilipima."

"Kumbe wajua kupima."

Nikaketi chini nikalia hadi sauti ikakauka. Yeye alikaa juu ya kisiki chake akangoja. Nilipomaliza akaizungusha kamba mkononi, akaitia ndani ya mzigo wa makuti akaondoka nayo. Akafika njiani, akageuka. "Na Alhamisi ijayo nitakuja. Nikukute."

Alinikuta. Na iliyofuata pia.

Majirani mliacha kazi zenu mkalivuta lile dude kutoka bondeni. Nikaliuza kwa hasara kwa mwenye shamba kubwa kule upande wa mtoni, ambako hakuna cha kugonga. Fundi mmoja wa mjini akakaa nami siku nzima ananiuliza yale ambayo muuzaji hakuniuliza. Udongo gani? Miti imeachana vipi? Utageukia wapi? Likiharibika, vipuri utavipata hapa au Mombasa? Siku ambazo hulimi litafanya kazi gani? Nikanunua lile la magurudumu mawili ambalo mtu hutembea nyuma yake ameshika mikono. Dogo, lapiga kelele kama kuku aliyefukuzwa, lakini lapita kati ya minazi, lakwangua udongo juu juu, na ukilifunga kitoroli labeba maji na nazi. Sisemi kila mtu achukue dogo. Walio na udongo mzito wa mtoni, hili langu lingewalalia siku ya kwanza. Nasema kila shamba lina kipimo chake, na mie nilikata minazi nipate kipimo cha trekta.

Namshukuru fundi yule. Nawashukuru majirani, hata mlionitania. Namshukuru mke wangu, aliyerudi aliposikia kwamba sasa naongea, na leo analalamika kwamba naongea mno. Nimepanda miche tisa pale palipokuwa na visiki, imenifika kiunoni, haijazaa. Kila mwezi naangua nazi katika minazi yangu mwenyewe nazipeleka mjini chumbani kwa dada. Huzipokea. Kuniambia amenisamehe, hajaniambia.

Kwa hivyo, mwenyekiti, naomba tusipige kura leo. Twende kwanza tukapime mashamba ya wanachama, moja baada ya jingine, kisha ndipo tuitazame tena ile picha. Kamba ya kupimia ninayo hapa. Ndiyo hii, mafundo yake bado yamo.

Tangu siku ile dada aliitundika kwake, juu ya mlango, na mie sikuthubutu kuigusa. Jana nikaenda kumwomba. Nikamweleza ni ya mkutano, ni ya kupimia. Akapanda kigoda, akaitungua, akanitia mkononi.

"Kesho jioni uirudishe," akasema. "Wewe mwenyewe."

Basi tuanzeni mapema, ndugu zangu. Dada ananingoja.