Bibi Bunlom Hajazaliwa Bado

Mgeni rasmi, Daktari Thirawat, Mkuu wa Afya wa Mkoa. Mkurugenzi wa hospitali. Watawa waheshimiwa mliotunyunyizia maji ya baraka asubuhi hii. Ndugu wagonjwa mlioombwa kupisha viti vya mbele:

Ukaribisho

Sisi wafanyakazi wa Chumba cha Kumbukumbu tunakukaribisha kwa furaha uje ubonyeze kitufe cha kuuzima mfumo wetu wa zamani wa kompyuta. Kitufe tumekifunga utepe. Samaki wa kuchoma, wali wa kunata na saladi ya papai bichi viko nyuma ya jengo, na pilipili imepunguzwa kwa heshima yako, jambo ambalo sisi watu wa Isan, wapenda pilipili, hatulifanyi hata kwa ndugu zetu. Mimi Saengduan wa dirisha la uandikishaji nimeteuliwa kusoma risala hii baada ya wenzangu wote kukumbuka ghafla kwamba wana mafua.

Historia

Mfumo unaokuja kuuzima aliuandika Kaka Wichian, yule mwenye miwani anayejifanya anatengeneza feni. Aliuandika kwa COBOL, lugha ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya biashara, na ambayo ilijua kila kitu cha biashara isipokuwa tarehe. Kwake tarehe ilikuwa tarakimu tu. Ukiiandikia tarehe thelathini na moja Februari, inaitunza bila kuuliza.

Nafasi ya kutunzia kumbukumbu ilikuwa ghali, hivyo dunia nzima ikaukata mwaka na kubakiza tarakimu mbili za mwisho. Ulipokaribia mwaka 2000, mataifa yakahaha, maana sifuri mbili kompyuta ingezisoma 1900. Huku kwetu tunahesabu miaka ya Buddha, na mwaka ulikuwa 2543. Kaka Wichian alilala usingizi mnono.

Baadaye zikaja hifadhidata zenye safu maalumu ya tarehe. Kila kampuni ilikuja na yake. Moja ilificha saa ndani ya tarehe, ikawa leo ya asubuhi na leo ya jioni hazilingani. Lugha nyingine ilianza kuhesabu miezi kwenye sifuri, Januari ikabaki bila namba ya maana. Waliosoma walituambia kwamba hayo ni maendeleo, nasi tukaitikia kwa adabu.

Mafanikio

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa Mfumo Mpya. Wenyewe hutoa 543 katika mwaka wa Buddha ili kupata mwaka wa kimataifa. Hatukuambiwa, nasi kwa upole wetu tulikuwa tumeshatoa. Kwa mwezi mzima wodi ya wazazi ilihudumia akina mama waliozaliwa enzi za wafalme wa Ayutthaya, karne tano na zaidi zilizopita, na wote walijifungua salama. Hatujasikia hospitali nyingine yenye sifa hiyo. Kosa limerekebishwa.

Changamoto

Changamoto yetu ni moja. Wazee wetu wengi wana vitambulisho vyenye mwaka wa kuzaliwa tu, bila siku wala mwezi. Bibi Bunlom ni mmoja wao. Mama yake alipokwenda kumwandikisha alikumbuka kwamba ulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga na nyati alikuwa na mimba, na karani hakuwa na mahali pa kuandika nyati.

Mfumo wa Kaka Wichian uliweka sifuri palipokosekana siku, ukaendelea na kazi. Mfumo Mpya hauwezi. Bila siku, unasema mtu huyu hajazaliwa. Tukimwekea Januari mosi, unaulizia kwenye daftari la raia, nalo linajibu kwamba hakuna mtu wa tarehe hiyo, kwa hiyo ni tapeli. Ofisi yako tulipoipigia ilitushauri bibi achague tu siku anayoipenda.

Tulimfikishia ushauri huo. Alicheka hadi akakohoa. Kila asubuhi huja dirishani.

"Saengduan mwanangu, leo nimeshazaliwa?"

"Bado, Bibi."

"Basi mwambie huyo bwana wa mkoani afanye haraka. Jicho la kulia limeshakwenda, na la kushoto linafunga virago. Nisije nikazaliwa kipofu."

Ana mtoto wa jicho, mgeni rasmi. Madaktari wa macho waliotoka mjini wanaondoka kesho, na asiye na jalada kwenye mfumo hapasuliwi. Inatuuma, tunasema wazi.

Maombi

Hatuombi kompyuta mpya wala viti. Tunaomba usikibonyeze kitufe leo. Uache mfumo wa zamani, ambao tangu Mfumo Mpya uje tumekatazwa kuutumia, uandikishe tena wazee wetu mpaka wataalamu wako watakapoifundisha ile safu ya tarehe kwamba mtu anaweza kuzaliwa hata kama hakuna aliyeandika siku.

Ikiwa ni lazima ukibonyeze, kwa kuwa picha zimeshapangwa, basi tunaomba ukishamaliza ushuke jukwaani umwambie Bibi Bunlom kwa kinywa chako kwamba hatazaliwa kabla madaktari hawajaondoka. Sisi sote tumekataa kumwambia. Ameketi mstari wa tatu, mfuko wa nguo za wodini mapajani. Amevaa sketi yake ya hariri na kujipaka poda, kwa sababu amesikia kwamba mkubwa anayekuja leo ndiye mwenye tarehe.

Fadhila zote ulizotenda zikulinde, mgeni rasmi, uishi miaka mingi, na uzeeni uwaone wajukuu zako vizuri.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Kumbukumbu